Jaji wa Texas Anaomba Kura Yangu: Nimpe kwa Kigezo Gani?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, Texas, na mwaka jana niliapa uraia wa Marekani. Nimeangalia mfano wa karatasi ya kura ya eneo letu. Baada ya gavana na wabunge yanakuja majina ya majaji, ukurasa baada ya ukurasa, kila mmoja na chama chake, na simjui hata mmoja. Nyumbani jaji anateuliwa na Rais, anaapishwa Ikulu, basi. Inakuwaje jaji aombe kura kama diwani? Mdogo wangu yuko Minneapolis, anasema kwao majaji hawana chama. Nchi si ni moja? Na je, jaji niliyemnyima kura hawezi kunikomoa siku nikifika mbele yake?

JIBU: Dada yangu, nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo lililokusukuma uandike. Hawezi kukukomoa kwa sababu hajui. Kura ni ya siri huko kama ilivyo huku. Anachokijua ni kitu kingine: nani alimchangia pesa za kampeni. Michango huandikwa na kuwekwa hadharani, naye mgombea ndiye anayejaza fomu. Na katika kampeni za majaji wa Texas, wachangiaji wakubwa mara nyingi ni mawakili, yaani watu walewale wanaosimama mbele ya jaji huyo Jumatatu mpaka Ijumaa. Kama kuna jambo la kukukosesha usingizi ni hilo, si kura yako. Nitalirudia.

Sasa hili la nchi moja. Mahakama za Marekani haziko kwenye ngazi moja inayopanda mpaka juu kama zetu. Kuna mahakama za shirikisho, ambazo majaji wake huteuliwa na Rais, wakathibitishwa na Seneti, kisha wakakaa mpaka wachoke wenyewe, wafariki, au Bunge la nchi liwaondoe kwa mashtaka mazito. Hao hawaombi kura maishani. Halafu kila jimbo kati ya yale 50 lina mahakama zake, katiba yake na njia yake ya kupata majaji. Kesi nyingi zinazomgusa mtu wa kawaida ziko huko kwenye majimbo: talaka, mirathi, ajali ya gari, mkataba uliovunjwa, wizi, mauaji. Kwa hiyo mdogo wako hakukosea, nawe hukukosea. Mnaishi chini ya katiba mbili tofauti za majimbo.

Kwa nini walianza kuwapigia kura? Watu wengi hudhani ilikuwa ni kutaka majaji wawatii wananchi. Ilikuwa karibu kinyume chake. Mwanzoni majaji wa majimbo waliteuliwa na magavana au na mabunge. Mississippi mwaka 1832 ikawa ya kwanza kuwapigia kura majaji wake wote. Kisha likaja anguko la uchumi la 1837. Majimbo yalikuwa yamekopa mno kujenga mifereji na reli, mengine yakashindwa kulipa, na wananchi wakawauliza majaji: mlikuwa wapi wabunge walipokuwa wanatuingiza kwenye madeni haya? Jibu lilikuwa wazi. Jaji aliyepewa kiti na wanasiasa hawezi kuwakemea. New York ikabadilisha katiba yake mwaka 1846 ili majaji wachaguliwe na wananchi, na katika miaka michache iliyofuata majimbo mengi yakafuata mkumbo. Kura ililetwa ili kumpa jaji ubavu wa kusimama mbele ya gavana na bunge. Likumbuke hilo unaposikia watu wakicheka kwamba Wamarekani wamefanya uhakimu kuwa siasa. Siasa ilikuwemo tayari, wao waliihamisha tu kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Hapo ndipo ninapoanzia kila ninapoulizwa suala hili. Hakuna njia ya kumpata jaji isiyomwachia fadhila ya kulipa. Aliyeteuliwa na Rais ana wa kumshukuru, na aliyechaguliwa na watu ana wa kumshukuru pia. Swali la maana ni kama atarudi tena kwa huyo mtu kuomba.

Texas kwako iko hivi. Majaji huchaguliwa kwa vyama. Mgombea hupita kwanza kwenye kura za mchujo za chama chake mwezi Machi (zile ambazo sisi Tanzania tunaziita kura za maoni), kisha hupambana na wa chama kingine Novemba. Jaji wa mahakama ya wilaya hukaa miaka minne. Usidanganyike na jina hilo. Kwetu mahakama ya wilaya ina hakimu, lakini ya Texas husikiliza mauaji, talaka na madai ya mamilioni, kwa hiyo mamlaka yake yanakaribia zaidi Mahakama Kuu yetu. Juu kabisa wana mahakama mbili za mwisho, jambo ambalo utalikuta pia Oklahoma tu: Mahakama ya Juu yenye majaji tisa kwa kesi za madai, na Mahakama ya Rufani ya Jinai yenye tisa wengine. Wote hao 18 huchaguliwa na jimbo zima kwa muhula wa miaka sita. Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula kwenye mahakama ya wilaya au hizo za juu, gavana huteua wa kukijaza. Ndiyo maana majaji wengi unaowakuta kwenye karatasi waliingia kwanza kwa uteuzi, wakaja kuomba kura wakiwa tayari wamevaa joho.

Unadhani wapigakura wanawachagua kwa sifa zao? Mwaka 2018 katika kaunti yako ya Harris chama cha Democratic kilifagia viti vya majaji. Wanawake weusi 19 waligombea kwa pamoja na 17 wakashinda, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na picha yao ya pamoja ilizunguka dunia nzima. Lilikuwa tukio kubwa kwa kaunti yenye watu wa kila rangi. Lakini upande wa pili, majaji wa Republican waliokuwa na miaka mingi kazini waliondoka jioni moja, wazuri kwa wabaya, na wengi wa waliowaondoa hawakuwajua hata kwa sura. Wakati huo Texas iliruhusu mtu kuweka alama moja kwenye chama na kura zote zikaenda huko. Utaratibu huo ulifutwa kuanzia 2020. Nathan Hecht, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Texas mpaka mwisho wa 2024 na mwenyewe ni Republican aliyeshinda kura nyingi za aina hii, amelalamika kwa miaka kwamba mfumo huu hauangalii uwezo wa mtu. Bunge la jimbo halijaubadilisha. Chama kinachoshinda hakioni haraka ya kubadili kinachokishindisha.

Usidhani pia kwamba hatari hutoka kwa chama cha upinzani peke yake. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya Jinai ya Texas, yenye majaji wa Republican watupu, iliamua kwamba Mwanasheria Mkuu wa jimbo hana mamlaka ya kushtaki makosa ya uchaguzi kwa uamuzi wake peke yake bila kukaribishwa na mwendesha mashtaka wa kaunti. Majaji wanane walikubaliana, mmoja akapinga. Mwanasheria Mkuu huyo, Ken Paxton, naye wa Republican, hakusahau. Machi 2024 majaji watatu kati ya wale wanane walikuwa wanagombea tena, Sharon Keller, Barbara Hervey na Michelle Slaughter, naye akahamasisha wapigakura wa chama wawaangushe. Wote watatu wakaanguka kwenye mchujo. Mtu anayeshindwa kesi akamwondoa jaji aliyemshinda: hebu lifikirie hilo ukiwa kama jaji wa nne.

Minneapolis ni hadithi nyingine. Minnesota karatasi ya kura haionyeshi chama, muhula ni miaka sita, na jaji hustaafu akifikisha miaka 70. Mwambie mdogo wako aangalie karatasi yake vizuri: pembeni ya jina la jaji aliyepo madarakani pameandikwa neno linalomtambulisha kuwa ndiye mwenye kiti. Neno hilo moja lina nguvu kuliko mabango yote ya barabarani. Wengi wa majaji wa Minnesota huteuliwa kwanza na gavana kujaza nafasi, hukaa zaidi ya mwaka, ndipo husimama kwenye kura, na mara nyingi hawana mpinzani. Kwa maneno mengine, jimbo linasema linachagua majaji na kwa vitendo linawateua. Sisemi kwa ubaya. Inafanya kazi.

Ila hata huko bila chama maji yalichafuka. Sheria za Minnesota zilikuwa zinamkataza mgombea ujaji kutamka msimamo wake juu ya mambo yanayobishaniwa, kwa mfano utoaji mimba. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kura tano kwa nne, kwamba katazo hilo linavunja uhuru wa kusema: ukishaamua kumpigisha mtu kampeni huwezi kumziba mdomo. Jaji Sandra Day O'Connor aliungana na wale watano. Alipostaafu mwaka 2006 alizunguka nchi nzima akipinga uchaguzi wa majaji, na akakiri kwamba kura yake ile ilimtia mashaka. Yeye mwenyewe aliwahi kuchaguliwa kwa kura kuwa jaji huko Arizona katika miaka ya 1970, kwa hiyo alijua anachokisema. Mgombea bado haruhusiwi kuahidi ataamuaje kesi fulani. Lakini kati ya kutoa msimamo na kuahidi kuna ukuta mwembamba, na wanasiasa wamezoea kupenya kuta nyembamba kuliko huo.

Sasa turudi kwenye pesa. Tanzania tunakumbuka takrima. Sheria ya uchaguzi ilimruhusu mgombea "kukirimu" wapigakura, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Tulielewa haraka kwamba pilau la mgombea lina bei. Katika kampeni za majaji anayekirimiwa ni mgombea mwenyewe, na pilau linaletwa na wenye kesi. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa nao unakumbukwa.

Kesi inayofundishwa kila chuo cha sheria huko ni ya West Virginia. Baraza la wazee wa mahakama, wale raia wanaoamua ukweli wa kesi, liliiamuru kampuni ya makaa ya mawe ya Massey ilipe dola milioni 50 kwa mfanyabiashara mdogo wa makaa aitwaye Hugh Caperton, kwa kumfilisi. Rufaa ilikuwa njiani kwenda Mahakama ya Juu ya jimbo. Mwaka 2004, kabla haijafika, mkuu wa Massey, Don Blankenship, akatumia dola milioni 3 hivi za mfukoni mwake kumsaidia mgombea ujaji, Brent Benjamin, amwangushe jaji aliyekuwepo. Benjamin akashinda. Kesi ikafika, akaombwa ajitoe, akakataa. Hukumu ya milioni 50 ikafutwa, majaji watatu kwa wawili, yeye akiwa mmoja wa wale watatu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, tena kwa tano kwa nne, kwamba alipaswa kujitoa. Hakuna aliyethibitisha kwamba alinunuliwa. Walichosema ni kwamba hatari ya upendeleo ilikuwa kubwa mno kwa haki kuvumilia. Kesi ikarudi West Virginia, ikasikilizwa bila Benjamin, na Caperton akashindwa tena. Sehemu hiyo wasimulizi wengi huiruka, mimi naiona ndiyo ya kufikirisha zaidi. Inawezekana matokeo yalikuwa sahihi toka mwanzo, lakini baada ya zile milioni 3 nani angeamini?

Na milioni 3 sasa ni hela ya kula. Aprili 2025 Wisconsin ilichagua jaji mmoja tu wa Mahakama yake ya Juu, kwenye karatasi isiyo na vyama, kwa muhula wa miaka kumi. Zilitumika karibu dola milioni 100, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa katika uchaguzi wa jaji yeyote Marekani. Elon Musk na makundi yake walitoa zaidi ya dola milioni 20 kumuunga mkono Brad Schimel, na Musk akagawa hundi mbili za dola milioni moja moja kwa wapigakura kwenye mkutano wa Green Bay. Schimel alishindwa na Susan Crawford, aliyekuwa na matajiri wake pia, kwa tofauti ya asilimia kumi hivi. Hakukuwa na chama kwenye karatasi, lakini hakuna mtu Wisconsin ambaye hakujua nani ni wa nani.

Kuna waliojaribu kushika katikati. Missouri, iliyochoshwa na Tom Pendergast, bwana mkubwa wa siasa za Kansas City aliyekuwa akiamua nani awe jaji, ilipitisha mwaka 1940 mpango unaoigwa na majimbo mengi. Tume ya wanasheria na raia wa kawaida huchuja waombaji na kumpelekea gavana majina matatu. Gavana huchagua mmoja. Jaji hufanya kazi angalau mwaka mmoja, kisha wananchi huulizwa swali moja: abaki au aondoke? Hana mpinzani wala chama. Sehemu ya kwanza utaiona inafanana na Kenya, ambako Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji waombaji mbele ya kamera na kumpelekea Rais jina. Swali la mwisho kwa wananchi ndilo Kenya hawana.

Swali hilo huonekana la upole, na kwa kawaida karibu kila jaji hupita. Kisha siku moja hapiti. California mwaka 1986 waliwaondoa majaji watatu wa Mahakama ya Juu, akiwemo Rose Bird, mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa jimbo hilo, kwa hasira ya hukumu za kifo walizokuwa wakizitengua. Iowa ilitumia mfumo kama huo tangu 1962 bila kumwondoa hata jaji mmoja wa Mahakama ya Juu. Mwaka 2009 mahakama hiyo ikaruhusu, kwa kauli moja, ndoa za watu wa jinsia moja. Novemba 2010 watatu kati ya majaji wale ilikuwa zamu yao ya kupigiwa kura, na wote watatu wakaondolewa. Hukumu ikabaki, wao wakaenda nyumbani.

Ukinibana niseme msimamo wangu, ndio huu: kura ya kwanza hainisumbui sana. Mwananchi akitaka kumchagua jaji anayeingia, ni haki kama Rais kumchagua, na wakati mwingine ndiyo njia pekee ya watu waliofungiwa nje kuingia. Louisiana ililazimika kupanga upya eneo la uchaguzi baada ya Mahakama ya Juu ya nchi kusema mwaka 1991 kwamba sheria ya haki ya kupiga kura, ile inayokataza kuwabagua wapigakura kwa rangi, inahusu uchaguzi wa majaji pia. Bernette Johnson alipita mlango huo, na mwaka 2013 akawa Jaji Mkuu mweusi wa kwanza wa jimbo hilo. Kinachonisumbua ni kura ya pili. Jaji anayejua atarudi kuomba, anaandika hukumu na kalenda ikiwa mezani. Ningemwachia muhula mmoja mrefu asiorudia. Wenzangu wengi wa Marekani watakuambia hapo ndipo uwajibikaji unapokufa, na hoja yao si ya kupuuza: jaji mvivu au mkorofi asiyeogopa kitu huwatesa maskini kwanza. Usidhani vilevile kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Bolivia walianza kupigia kura majaji wa mahakama zao za juu mwaka 2011, na Mexico Juni 2025, ambako ni takriban asilimia 13 tu ya wapigakura waliojitokeza.

Haya, karatasi yako. Kwanza, ukiona cheo cha "County Judge," huyo si jaji unayemfikiria. Texas ndivyo wanavyomwita mkuu wa serikali ya kaunti, anayeshughulikia bajeti na mafuriko. Lina Hidalgo, aliyechaguliwa kwenye cheo hicho Harris mwaka 2018, hata si mwanasheria. Mpime kama unavyompima meya. Kinyume chake, usimpuuze "Justice of the Peace" aliye chini kabisa. Naye si lazima awe mwanasheria, lakini ndiye anayesikiliza kesi za wapangaji kufukuzwa nyumba na madai yasiyozidi dola 20,000. Kwa familia za wahamiaji huyo ndiye jaji watakayemwona uso kwa uso kuliko yeyote wa Austin, makao makuu ya jimbo.

Pili, chama cha mawakili wa Houston huwauliza wanachama wake maoni juu ya majaji na hutoa matokeo. Yasome kwa akili. Mawakili wanajua nani hasomi jalada na nani anawafokea mashahidi, lakini ndio hao hao wachangiaji. League of Women Voters, shirika la kiraia lisilo la chama, hutoa kijitabu ambacho wagombea hujibu maswali kwa maneno yao wenyewe. Tume ya jimbo inayosimamia nidhamu ya majaji nayo huweka hadharani adhabu ilizotoa. Mimi ningeanza na hiyo. Jaji aliyewahi kuonywa rasmi ameshakujibu nusu ya swali lako. Kisha angalia orodha ya wachangiaji wake.

Tatu, andika majina kwenye karatasi uende nayo. Simu hairuhusiwi kutumika ndani ya chumba cha kupigia kura Texas, ila maandishi yako ya mkono ni halali. Na usipomjua mgombea, ruka. Kuacha sehemu wazi hakuharibu kura yako nyingine yoyote. Ila usiruke zote. North Carolina mwaka 2024 kiti cha Mahakama ya Juu kiliamuliwa kwa kura 734 kati ya zaidi ya milioni tano, na mabishano yake hayakuisha mpaka Mei mwaka uliofuata.

Ukiwa na asubuhi moja ya nafasi, nenda mahakamani katikati ya mji. Milango iko wazi kwa yeyote, na hakuna atakayekuuliza umemfuata nani. Kaa benchi la nyuma saa moja umtazame jaji anavyozungumza na mtu asiye na wakili. Zima simu kabla hujaingia, maana wengine ni wakali.